Nilivyoonja Baozi za Hajja

Siku yangu ya kwanza katika duka la mikate la Wachina kule Jeddah, kazi niliyopewa ilikuwa kula. Najua wasichana mtakaosoma mtacheka. Hata mimi ningecheka kama singekuwa nimetoka nilikotoka.

Duka lilikuwa Mahjar, kusini mwa mji, kati ya fundi wa matairi na mwuza simu. Mwenyewe tulimwita Hajja. Alikuwa Mchina kwa uso na kwa mapishi, lakini alizaliwa Taif. Wazazi wake walikuja kuhiji wakabaki huko huko, kwa hivyo Kiarabu chake kilikuwa cha wenyewe, na kiburi chake pia. Alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mtandio umejaa unga. Akanipa aproni, akaniambia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, halafu akaniita mezani. Tulikuwa wanne tu: yeye, ndugu yake Maalim Yunusi aliyekuwa mkuu wa unga, Mwanaidi wa Likoni aliyeuza pale mbele, na mimi Rispa, mtu wa Vihiga ambaye darasa la saba sikulimaliza.

Yunusi akafunua kikapu cha kwanza. Vikapu vyao ni vya mianzi, vya mviringo, vinapangwa kimoja juu ya kingine kwenye sufuria ya maji, na mvuke unapanda kutoka cha chini mpaka cha juu. Ndani kulikuwa na baozi. Baozi ni kama andazi jeupe, ila halikaangwi, linaivishwa kwa ule mvuke, na tumboni limebeba nyama au mboga. Juu linafungwa kwa mikunjo midogo midogo, kama mfuko uliokazwa kamba.

"Kula," Hajja akaniambia.

Niliangalia nyuma yangu nione anaongea na nani. Nikafikiri ni mtego. Nikachukua moja, nikageukia ukuta, nikaimeza karibu nzima. Ilinichoma koo lote.

"Iko vipi?" Hajja akauliza.

"Tamu, madam."

"Chumvi?"

"Tamu."

"Tangawizi umeipata?"

"Tamu sana, madam."

Mwanaidi aliinama akicheka mpaka akashika meza. "We dada," akaniambia kwa Kiswahili, "hujaulizwa kama una adabu. Umeulizwa baozi!"

Hajja hakucheka. Aliniangalia juu ya miwani. "Unakula kama mtu aliyeiba. Nani alikufundisha?"

Siku hiyo nilinyamaza. Leo sinyamazi, na majina nitayataja.

Aliyenipeleka Saudia ni wakala mmoja wa Nairobi, Josphat Lidonde. Aliniambia naenda kutandika vitanda hotelini Riyadh. Aliongea vizuri, alivaa tai, hata aliniombea safari njema kwa kufumba macho. Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Malaz, na mgeni wa hoteli alikuwa Umm Fahad na watoto wake watano. Josphat nikampigia simu, akasema, "Vumilia, utazoea," na tangu hapo namba yake haikupatikana tena. Mahali ulipo, Josphat, nimekuandika.

Kazi ya nyumba za kule ina elimu yake, msidanganywe kwamba ni kufagia tu. Kuna vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likifungwa, ukilifuta kwa maji mengi linakuwa tope kwenye vigae. Kuna abaya, mabaibui yao, zisizopigwa pasi moja kwa moja, lazima utandaze kitambaa juu. Kuna kahawa ya wageni, ile ya iliki, ambayo ukiipika ikachemka kupita kiasi unaambiwa umeiua. Hayo yote nilijifunza, na mengine najivunia mpaka leo. Ubaya haukuwa kazi. Ubaya ulikuwa mdomo wangu kufanywa adui wa nyumba.

Friji ya Umm Fahad ilikuwa na kufuli. Ndiyo, kufuli, kama la duka. Nilipika vyakula vya watu saba na chakula changu kilikuwa mchele uliobaki chini ya sinia. Usipobaki, mkate na chai ya rangi. Kuonja nilikatazwa kabisa. Alisema mwiko wake hauingii mdomo wa mtu wa kazi. Kwa hivyo nilijifunza kutia chumvi kwa macho. Supu ikikosa chumvi, "Wewe huna akili?" Supu ikizidi chumvi, "Kwa nini hukuonja?" Nijibu lipi?

Ramadhani ndiyo ilikuwa balaa. Mimi Mkristo, lakini nilifungishwa saumu kwa nguvu, bila daku. Nikimaliza kukaanga sambusa, Umm Fahad anakuja jikoni, ananiambia, "Fungua." Nafungua mdomo. Ananusa. Mtu mzima, mama wa watoto, ananusa mdomo wa mwanamke mwenzake kutafuta harufu ya nyama ya kusaga. Huyo ndiye aliyenifundisha kula, Hajja. Jina lake ni Umm Fahad.

Mumewe, Abu Fahad, niliyemwita baba, ndiye alikuwa kafili wangu, yaani mdhamini ambaye ikama yangu ilikuwa kwa jina lake. Ikama ndiyo kibali cha kukaa na kufanya kazi. Bila kafili kukubali huendi popote. Baba alikuwa na ofisi Murabba. Alirudi usiku, akala, akashika simu yake. Miaka minne hakuwahi kunigusa wala kunipigia kelele, na miaka minne hakuwahi kuniuliza lolote. Watu husema alikuwa mtu mzuri. Mimi nasema aliamua kutojua, na hilo pia naliandika.

Kilichoniokoa ni kuzaa kwa mtu. Umm Rayan, mdogo wake Umm Fahad anayekaa Jeddah, alijifungua, nikaazimwa kwake kama vile unavyoazima sufuria kubwa. Huyu dada hakuwa mbaya. Alinipa funguo za jikoni siku ya kwanza na akashangaa kwa nini nalia. Alikuwa mteja wa Hajja. Arubaini ilipokwisha alinipeleka pale dukani akasema, "Huyu mikono yake ni myepesi, na wewe unatafuta mtu."

Wakaelewana hivi: nifanye kazi kwa majaribio mpaka mwisho wa Ramadhani. Hajja akiridhika, atamwomba baba tanazuli, yaani aniachilie ikama yangu ihamie kwake. Asiporidhika, Idd ikiisha narudi Malaz kwa Umm Fahad. Basi mnaona wenyewe. Kila nilipoambiwa "kula", nilikuwa nakula nikipima kama narudi kwenye ile friji.

Na nilikuwa nashindwa. Kwa sababu sheria ya duka la Hajja ilikuwa hiyo: kikapu cha kwanza cha asubuhi ni cha wafanyakazi. Tunakula tumesimama kuizunguka meza, na kila mmoja lazima aseme kasoro. Hakuna kuondoka bila kasoro. Yunusi atasema unga umechacha kupita kiasi. Mwanaidi atasema vitunguu vimekatwa vikubwa, mteja ataviona. Ikifika zamu yangu, "Tamu, madam."

"Tamu si jibu," Hajja aliniambia siku ya tatu. "Tamu anaweza kusema mteja. Mimi nakulipa uniambie kilichoharibika."

Nilimlilia Mwanaidi tukiosha masinia. "Shoga, mimi nitasemaje chakula cha bosi ni kibaya? Si nitafukuzwa?"

"Kwa huyu utafukuzwa usiposema," akajibu. "We anza na kitu kidogo. Sema moto. Sema imekuunguza."

Kesho yake nikasema, "Madam, moto sana."

Yunusi akaweka mikono kichwani. "Allah! Ameongea!"

Hapo ndipo nilianza kuonja kweli, na hapo ndipo shukrani zangu zinapoanzia. Nilikula polepole. Baozi ya kondoo ina mchuzi ndani, na huo mchuzi hautiwi. Nyama ya kusaga inamwagiwa maji ya tangawizi na kitunguu, kidogo kidogo, huku ukikoroga upande mmoja tu. Ukigeuza mkono, nyama inayatema yale maji, na baozi inakuwa kavu kama sifongo. Kuna ya kuku na uyoga, ambayo haina makelele, unaipenda ukishaimaliza. Kuna vile vikunjo vya nusu mwezi vya mayai na majani ya kitunguu, vinachomwa juu ya chuma mpaka vinapata madoa ya kahawia. Nilivipenda hivyo kushinda vyote kwa sababu harufu yake ni ya jikoni kwa mama, jioni, mboga za majani zikiingia kwenye chungu. Na kuna mikate ya ufuta, ya tabaka tabaka, unaivunja inalia kwa mlio wa majani makavu, ndani ina chumvi na jira.

Yunusi alinifundisha unga. Alisema kuna unga ulio hai na unga uliokufa. Ulio hai una hamira, unaumuka, ndio wa baozi. Uliokufa hauna kitu ila maji ya moto, ndio wa vile vikunjo vya chuma. Ukikosea ukamtia mboga mbichi isiyokamuliwa yule aliye hai, analia maji chini na kushika kikapu. Nilicheka, kusema unga analia. Lakini ni kweli, niliona.

Siku moja Hajja alinipa kipande chenye pilipili yao ndogo nyekundu, iliyopasuka kama ua. Nilitafuna, ulimi ukafa ganzi wote, midomo ikaanza kutetemeka yenyewe. Nikakimbilia bomba nikipiga kelele, "Mwanaidi, nimewekewa sumu! Waambie watu wa nyumbani!"

Mwanaidi alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Hajja naye machozi yalimtoka. "Hiyo ndiyo kazi yake," akasema. "Sasa niambie, ni nyingi au ni kidogo?"

"Ni nyingi, Hajja! Ni nyingi! Mteja atakuitia polisi!"

"Umeona," akamwambia Yunusi, "ana ulimi."

Ramadhani ikaingia. Mchana duka lilifungwa mlango wa mbele, lakini jikoni kulikuwa na moto kushinda siku zote, kwa sababu watu huagiza futari tangu adhuhuri. Wote walikuwa wamefunga isipokuwa mimi. Hajja akaniita.

"Wewe Mkristo, hujafunga. Mwezi huu utaonja peke yako."

Nikamwambia nitafunga pia, si taabu, nimezoea.

"Nani amekuuliza umezoea nini? Masheikh wanasema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu saumu. Lakini mimi ulimi wangu ni mroho, siuamini. Na wa Yunusi ni mbaya zaidi. Wewe kula mpaka ujue, halafu useme."

Hivyo mwezi mzima kila chakula cha duka lile kilipita kwangu kwanza. Kila kijazo kikishakorogwa, Yunusi anakunja baozi moja ndogo, anaivisha peke yake, ananiletea. Wanasimama wakiningojea nitafune, midomo yao mikavu, na mimi nasema: ongeza tangawizi, punguza mafuta, hii iko sawa. Yunusi aliniita Mheshimiwa Hakimu. Mara ya kwanza niliuma kwa haraka mpaka mchuzi ukanimwagikia. Mwanaidi akanifuta kidevu, akasema, "Kula, mamaa, tule na sisi jioni."

Basi kumi la mwisho la mwezi likafika, na watu wa Riyadh walijaa Jeddah wakienda Umra Makka. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa nimesimama mezani, nusu ya baozi ya kondoo iko mdomoni, mlango wa nyuma ukafunguka. Umm Fahad aliingia. Nyuma yake, kwenye kizingiti, baba na simu yake.

Sikuweza kumeza wala kutema.

"Angalieni!" Umm Fahad akasema. "Mchana wa Ramadhani, anakula! Hivi ndivyo dada yangu alivyomharibu. Yalla, chukua nguo zako. Wageni wa Idd wanakuja na yule mpya ametoroka."

Hajja alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hakumtazama Umm Fahad kabisa. Alinitazama mimi.

"Iko vipi?" akauliza.

"Hajja, huyu ni madam wangu wa..."

"Nimekuuliza baozi. Futari ya watu inangoja. Iko vipi?"

Nikatafuna. Sijui kama mnaweza kuelewa ni kazi gani kutafuna mbele ya yule mama. Nikatafuna taratibu, nikameza, na ulimi wangu ukaniambia ukweli wake. Ingekuwa rahisi kusema tamu. Tamu haimkasirishi mtu. Nikasema, "Chumvi imezidi, Hajja. Hii haifai kuuzwa."

"Umemsikia adabu yake!" Umm Fahad akapaza sauti.

"Nimemsikia," Hajja akasema. "Yunusi, ongeza kabichi, uikamue maji." Yunusi akashika kisu akaanza kukatakata, bila kuinua uso. Ndipo Hajja akamgeukia mgeni. "Karibu, Umm Fahad. Mwezi mtukufu, na mko safarini. Mambo ya watu wa kazi tutaongea tukishafuturu. Keti."

Umm Fahad alitaka kukataa, lakini baba alikuwa ameshakaa. Alikuwa amechoka. Wakangoja, na sisi tukafanya kazi mbele yao. Mimi nilikunja mikunjo ya baozi kwa kasi kuliko nilivyowahi kukunja, vidole vinakwenda vyenyewe, na moyoni naomba Mungu aidha afanye adhana isifike kamwe au ifike sasa hivi.

Ilifika. Hajja alitandaza plastiki mezani, akaweka tende, maji, na kikapu kilichotoka motoni. Baba alikula tende, akanywa maji, akachukua baozi. Akachukua ya pili. Umm Fahad naye alikula kikunjo cha mayai, na nasema ukweli wangu, alikula vitatu.

"Nani ameunga hii?" baba akauliza.

"Ameunga Yunusi," Hajja akajibu. "Lakini sisi sote tumefunga. Anayejua ladha yake tangu mchana ni huyu peke yake. Ulimi wa duka hili mwezi huu ni wake, na ndiyo maana nakuomba tanazuli."

Umm Fahad aliacha kutafuna.

Baba akaiweka baozi chini. Akanitazama. Miaka minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitaka jibu kutoka kwangu. "Rispa, kwetu ulikuwa unakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi!" Umm Fahad akasema.

"Hujaulizwa wewe, binti yangu," Hajja akasema polepole.

Nikasema, "Baba, mchele uliobaki kwenye sinia. Usipobaki, mkate na chai."

"Na friji?"

"Ina kufuli, baba."

"Najua ina kufuli," akasema. "Niliambiwa ni kwa ajili ya watoto."

Baba alifuta vidole kimoja kimoja. Akachukua simu yake, ile ile, akamwomba Hajja namba ya kitambulisho chake. Alifungua programu ya serikali ya vibali, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. "Halas," akasema. "Nimekubali kumwachilia. Yaliyobaki utayamaliza wewe kwa upande wako."

"Na wageni wa Idd?" Umm Fahad aliuliza, uso umemwiva.

"Ni wageni wako. Wapikie."

Baba aliondoka bila kuniaga, na hakuniomba msamaha. Nasema hivyo ili msije mkafikiri nampamba. Alifanya jambo moja jema katika miaka minne, lilimchukua dakika chache, na lilinitosha maisha.

Kwa Hajja nilifanya kazi miaka sita. Nilianza kwenye vikapu, nikapanda kwenye chuma cha kuchomea, nikaishia kuwa mkuu wa vijazo, na Yunusi hakutia chumvi bila kuniita. Binti yake Hajja alipofungua duka Riyadh, nilitumwa miezi michache nikawafundishe kukoroga upande mmoja. Duka lilikuwa Murabba, na wateja wetu walikuwa madereva, walinzi na wanawake wa kazi siku zao za mapumziko, Wakenya wengi. Wakiuliza hii ni nini, nilikuwa nawakatia kipande bure, kisha nawauliza kasoro. Wote walisema tamu. Niliwaelewa, nikawakatia kingine.

Mvuke umenila viungo vya mikono, ndiyo maana nimepumzika kabla ya uzee. Niko nyumbani Vihiga sasa. Wasichana wanakuja kuniuliza kama waende. Siwaambii msiende, kwa sababu shamba halijibu swali la ada ya shule. Nawaambia wakifika, waulize kwanza watakula nini na watakula wapi, na wamwulize baba wa nyumba mwenyewe, mbele ya madam, siku ya kwanza, kabla hajapata nafasi ya kutojua.

Pasta wetu anajua habari yangu. Kila akinitembelea anataka nimsamehe Umm Fahad. Nimemwambia nalifikiria, na nalifikiria kweli, lakini bado niko mwanzo. Hajja alifariki mwaka jana, Mwanaidi ndiye aliyenipigia. Hajja namwombea kila nikikaa kula, kwa jina lake, kwa sauti. Pasta aliwahi kuniuliza kama inafaa kumwombea hivyo mtu wa dini nyingine. Nikamwambia mimi sikusoma, hayo ya dini zetu mbili Mungu atayapanga mwenyewe, na nikamkaribisha ale, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.